Ndolo na Sayari Yenye Pete

Siku Ndolo Musau alipostaafu udereva wa lori, wenzake wa ghala la saruji huko Industrial Area walimwita kando wakamuuliza angependa waagane naye kwa zawadi gani. Walitarajia aseme blanketi, au tangi la maji, au friji. Ndolo akasema darubini. Wakacheka. Walipoona yeye hacheki, wakanyamaza wamsikilize. Akawaeleza kwamba nyakati alizolala safarini, kule Taru kusikokuwa na taa wala kijiji, alikuwa akipanda juu ya turubai la lori, akalala chali na kuzitazama nyota mpaka usingizi umchukue, na miaka yote hiyo alitamani kuziona kwa karibu japo mara moja.

Wenzake walichanga, wakatafuta, wakapata darubini iliyokwisha kutumika lakini nzima, nene kama ndoo, yenye miguu mitatu na kompyuta ndani yake. Ilikuwa na rimoti yenye kioo kidogo. Ukishaionyesha nyota mbili tatu ikajua imesimama wapi, waliambiana, basi unaitajia tu unachotaka kuona, nayo inageuka yenyewe na kukutazamisha.

Mkewe, Kavinya, alikuwa ametaka friji. Hakununa, maana kununa hakukuwa tabia yake. Darubini ilipofikishwa nyumbani, orofa ya tano ya jengo moja pembeni mwa Shauri Moyo, aliipangusa vumbi kwa kanga yake na kuikaribisha sebuleni kama mtu.

"Karibu, mke mwenzangu," akaiambia. "Anakoroma. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha."

Paa la jengo lile lilikuwa tambarare, lenye kamba za kuanikia nguo na matangi ya maji yamepangwa kwenye ukuta. Huko ndiko Ndolo alikopanda na darubini yake jioni ya kwanza, baada tu ya giza kuingia. Rimoti ilimuuliza yuko mji gani, akajibu. Ikamuuliza tarehe, akajibu. Ikamuuliza saa. Ilikuwa saa moja jioni, kwa hiyo Ndolo akabonyeza moja. Kisha akaiomba Zohali, ile sayari yenye pete, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitamani kuliko zote. Rimoti ikamjibu kwamba Zohali ameshatua.

Ndolo alitazama juu. Anga ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na watoto walikuwa bado wanaitwa ndani wakaoge. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Alishuka akamwambia mkewe kwamba chombo bado kina uchovu wa safari. Jioni ya pili Zohali alikuwa ametua tena. Kavinya alimpa pole na kusema huenda ni yeye Ndolo aliyechelewa kidogo, kama anavyochelewa ibada ya kwanza.

Ikumbukwe kwamba Ndolo alikuwa na sifa moja aliyojivunia mbele ya kila mtu: katika miaka yote ya kuendesha lori hakuwahi kupotea, na hakuwahi kumuuliza mtu njia. Kavinya aliwahi kuwaambia wanakwaya wenzake kwamba hilo ni kweli tupu, hajawahi kupotea, ila mara mojamoja amefika kwingine. Mtu wa namna hiyo hawezi kuomba msaada kwa rimoti.

Jioni iliyofuata Kavinya alimpandishia chai, akasimama nyuma yake akichungulia kile kioo kidogo.

"Baba Kathini, hii saa uliyoiandikia ni yetu au ni ya kwao?"

"Kwao nani?"

"Waliotengeneza."

Ndolo akasema saa ni saa. Kavinya hakubishana. Alitoa simu mfukoni akamwonyesha: pale ambapo wao walisema saa moja, simu ilisema kumi na tisa. Kwa kubonyeza moja, Ndolo alikuwa ameiambia kompyuta kwamba ni saa saba za usiku, nayo, kwa uaminifu wake wote, ikaamini kwamba Zohali kweli alishakwenda zake kulala. Ndolo alinywa chai yake. Baadaye akasema kwamba hata yeye alikuwa karibu kulifikia jambo hilo.

"Najua," Kavinya akasema. "Ulikuwa njiani."

Ingalikuwa mchezo wa mke na mume tu kama si wakwe.

Binti yao, Kathini, muuguzi, alikuwa amechumbiwa na kijana mwalimu anayeitwa Kiarie. Wazazi wa Kiarie walikuwa Thuo, fundi wa makochi mwenye karakana yake karibu na Gikomba, na mkewe Nduta, mwuza vitambaa katika soko la Muthurwa. Vijana walikuwa wamekwisha kupatana. Waliobaki kupatana ni baba zao. Ndolo alitaka harusi ifanyike katika kanisa la Shauri Moyo alikobatiziwa Kathini. Thuo alitaka ifanyike kwao Murang'a. Walikuwa wamekutana mara mbili kulizungumza, na mara zote mbili waliongea kwa adabu ya kutisha. Mmoja akisema "Mzee Thuo, nakuelewa kabisa," na mwingine akijibu "Mzee Ndolo, nashukuru sana," na hakuna aliyesogea hata kidole. Kila mmoja alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba yule mwenzake ni mtu mzuri, tatizo lake ni kichwa kigumu.

Mkutano wa tatu ukapangwa nyumbani kwa Ndolo, wiki ya pili ya Disemba, mvua za vuli zilipokuwa zimepungua. Kwa kuwa mazungumzo yalimshinda, Ndolo aliwaza kuwapa wageni jambo la kukumbuka. Aliwatumia ujumbe kwamba baada ya chakula angewapandisha juu awaonyeshe Zohali na pete yake. Kavinya alipousikia ujumbe huo alimuuliza kama yeye mwenyewe amekwisha kumwona. Ndolo akasema bado, ila sasa saa iko sawa, kwa hiyo hakuna tena kinachozuia.

Wageni wakaja. Walikula pilau na kuku, wakasifu pilau na kuku. Harusi ilitajwa, ikazungukwa kama shimo barabarani, ikaachwa. Giza lilipoingia Ndolo alisimama na kusema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msafara, kwamba sasa wapande.

Walipanda wote. Thuo alitembea mikono nyuma, kama mtu anayekagua kiwanja. Nduta alijifunga shali. Kathini na Kiarie walikaa kwenye ngazi ya mwisho wakinong'onezana. Kavinya alileta benchi na kukaa mahali pa kuona vizuri. Hakuwa amekuja kwa ajili ya Zohali.

Ndolo aliandika saa, kumi na tisa na dakika zake, akimtupia mkewe jicho. Rimoti ikasema ingependa kuonyeshwa kwanza nyota iitwayo Kapela. Mota ikanguruma taratibu, na ile ndoo ikageuka yenyewe kuelekea kaskazini mashariki, ikainama kidogo, ikasimama. Wageni wakaguna kwa heshima. Ndolo akawaeleza kwamba chombo hukaribia tu, kazi ya mtu ni kuiweka nyota katikati kabisa na kubonyeza kitufe cha kukubali. Akatazama upande ule. Kulikuwa na wingu jembamba chini chini, na juu ya bega la jengo jipya lililokuwa likijengwa mtaa wa pili paling'aa nukta moja ya manjano, kubwa, imetulia. Akaisogeza darubini kidogo kushoto, kidogo chini. Ikaingia. Mwangaza wake ulijaa jicho lote.

"Tazama mwenyewe, Mzee Thuo," akasema.

Thuo aliinama, akatazama kwa makini ya fundi anayekagua mshono. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nyota hii," akasema hatimaye, "ina wadudu."

Ndolo akachungulia. Ni kweli kulikuwa na vitu vidogo vikiizunguka. Akafikiri kidogo tu, kwa maana dereva hafikiri sana penye njia panda, akasema kwamba hizo ni sayari zake. Kavinya alipatwa na kikohozi ikabidi Nduta ampige mgongo.

Ndolo akabonyeza kukubali. Akafanya nyota ya pili, ile iliyokuwa juu upande wa kusini, na hiyo haikuwa na wadudu. Rimoti ikasema imeridhika. Ndolo akaiomba Zohali, na kwa kweli kilikuwa kitu cha kupendeza kuona jinsi darubini ilivyozunguka kwa uhakika, ikainuka, ikasimama ikitazama mahali fulani karibu na utosi wa mbingu. Akamkaribisha mgeni wake aangalie kwanza.

"Naona giza," Thuo akasema. "Ni giza zuri."

Ndolo alitazama, naye akaona giza lilelile. Alirudia kuomba, chombo kikasogea unywele mmoja na kusimama palepale, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo tayari amelijibu. Nduta, kwa wema, alisema pengine Zohali yuko nyuma ya kitu. Kavinya alisema labda amechelewa matatu. Ndolo alijiinamia juu ya rimoti akibonyeza hiki na kile. Moyoni alikuwa tayari anaisikia safari ya wageni wake kurudi nyumbani, wakiambiana garini kwamba mtu asiyejua kuonyesha nyota ndiye anayetaka kutuonyesha mahali pa harusi.

Hapo ndipo stima ilipopotea.

Ilipotea mtaa mzima kwa pigo moja, madirisha, maduka, barabara, na kutoka kila jengo ikapanda ile sauti ya watu wengi wakilalamika pamoja. Na kule kaskazini mashariki, juu ya bega la lile jengo jipya, Kapela naye akazimika.

Wote walikuwa wanatazama upande uleule. Penye nyota palikuwa na mlingoti mrefu wa chuma, wa zile taa kubwa za usalama ambazo watu huziita mulika mwizi. Ulikuwa umekaa miezi bila kuwaka, ukatengenezwa wiki ile ile, na jengo lilikuwa limeficha taa zake zote isipokuwa moja ya pembeni. Sasa, giza lilipoufuta mwangaza, mlingoti wenyewe ulionekana wazi ukisimama mbele ya mbingu.

Thuo alikohoa taratibu.

"Mkwe," akasema, "nyota yako imekatiwa stima."

Lilikuwa jambo la kwanza alilolisema tangu afike bila adabu. Ndolo alisimama na rimoti mkononi, na kwa muda kidogo hakujua kama ameaibishwa au la. Kisha akazikumbuka zile sayari zenye mabawa alizomwonyesha mgeni wake, na kicheko kikamtoka tumboni, kikamwinamisha, akashika tangi la maji asianguke. Thuo naye akaanza, na wake zao wakafuata, na kwenye ngazi vijana wakacheka zaidi kwa kuona wazee wanacheka. Kavinya alijifuta machozi kwa pembe ya kanga. Kwa miaka mingi ya ndoa hakuwa amemwona mumewe akipotea mbele za watu na kucheka, na alipenda alichokiona, ingawa hakukusudia kumwambia hivi karibuni.

Walipotulia, walitazama juu. Mji ulipozimika, mbingu ilikuwa imefunguka. Nyota zilikuwa zimejaa mpaka kwenye mapaa. Ndolo hakuwa ameziona hivyo tangu aache njia ya Taru, na hakuwahi kufikiri kwamba zilikuwapo hapa muda wote, juu ya Shauri Moyo, zikingoja watu wazime taa. Hata lile wingu jembamba lilikuwa limesogea, na mahali palepale, juu kidogo ya mlingoti, palikuwa na nyota ya manjano, halisi, ikipepesa.

"Ile ndiyo yake," Thuo akasema. "Turudie. Betri ipo?"

Betri ilikuwapo. Wakaanza upya. Nduta alimulika rimoti kwa simu, akiziba mwangaza kwa vidole, na Thuo akaweka jicho kwenye kile kidarubini kidogo cha kulengea kilichokuwa ubavuni. Ndolo alibonyeza. Thuo akamwongoza: njoo, njoo, kushoto, rudi kidogo, kulia, njoo pole pole, simama. Ndolo alisimama, akamgeukia.

"Mkwe, uliwahi kuwa tanboi?"

Thuo alicheka kidogo gizani. Akakiri kwamba kabla ya kujifunza makochi alikuwa msaidizi wa lori la kahawa, Murang'a hadi Thika, akining'inia nyuma na kumwongoza dereva akirudi kinyumenyume, ila jambo hilo hakuwahi kulitaja mbele ya wakwe kwa kuwa Nduta alisema halina sura. Ndolo akasema sura ipi zaidi ya hiyo, na kwamba dereva bila tanboi ni mtu tu aliyekalia kiti. Walimaliza nyota zote mbili wakiongea habari za breki na kona za zamani. Rimoti ikasema imeridhika, na safari hii Ndolo hakuiamini. Akaiomba Zohali.

Darubini ikageuka, ikainuka, ikatulia. Ndolo aliinama.

Alikuwa pale. Mdogo, mwenye rangi ya siagi, amening'inia katika weusi, na pete yake, iliyokuwa imetugeuzia ukingo wake mwaka ule, ilimpita katikati kama sindano inavyopita kwenye shanga. Ndolo alikuwa amejiandalia maneno ya kusema siku hiyo, maneno mazuri, na yote yalikuwa yameondoka. Alisogea kando akamvuta Thuo kwa mkono wa shati.

Walitazama kwa zamu. Kavinya alitazama, akainua uso, akatazama tena, na alipomrudishia mumewe nafasi alimshika bega akauacha mkono wake hapo kwa muda. Nduta alipomaliza aligeuka kuelekea kwenye ngazi.

"Kiarie, njoo umwone," akasema. "Hata huyu amekwisha kupata pete. Wewe bado unatuambia Januari."

Ila Thuo ndiye aliyerudi kwenye darubini mara nyingi zaidi. Mwishowe alikaa kwenye benchi kando ya Ndolo, akaanza kuzungumza habari za mama yake. Alisema mama anakaribia miaka tisini na akili yake ni kali, ila mgongo umekataa gari. Hata sokoni kwao hafiki tena. Alisema usiku mama hupenda kukaa nje mlangoni amejifunika blanketi akitazama juu, na hakuna anayejua hutafuta nini. Alisema harusi ikifanyika Nairobi, mjukuu wake wa kwanza ataoa naye akiwa mlangoni pale.

Ndolo alimuuliza mbona hakulisema hilo mikutano yote miwili, wakasumbuana na mambo ya desturi na barabara na idadi ya wageni. Thuo alijibu kwamba ni vigumu kumwomba mtu usiyemjua akuonee mama yako huruma. Ndolo akalielewa jibu hilo vizuri kuliko Thuo alivyodhani, kwa sababu naye ni mtu asiyependa kuuliza njia.

"Basi harusi tutaileta kwa nyanya," akasema. "Mchungaji wetu atapanda basi kama sisi. Lakini nami nakuja na hii darubini."

Walipeana mikono gizani, kwa nguvu, na stima iliporudi baadaye kidogo walikuwa bado hawajaachana. Kavinya alimnong'oneza Nduta kwamba laiti wangejua dawa ni hiyo, wangezima swichi tangu Oktoba.

Harusi ilifanyika Murang'a mwezi wa Aprili, na ilikuwa nzuri. Jambo moja tu hakuna aliyelifikiria, nalo ni kwamba Aprili ni masika. Ndolo alifika siku mbili mapema akaisimamisha darubini kando ya migomba, na mawingu yakafunika mbingu kama sufuria. Kila jioni mama yake Thuo aliletwa nje kwa kiti, akafunikwa blanketi, akakaa na Ndolo kuyatazama mawingu. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha, maana bibi alisema Kikuyu na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini walikaa pale muda mrefu, yeye akimsimulia habari za mvua za zamani, Ndolo akiitikia penye haja na pasipo haja. Kavinya alipita mara moja akasema sasa amepata mke mwenza wa pili, na huyu angalau anaongea.

Jioni ya mwisho, wageni wengi wakiwa wameondoka, wingu lilipasuka na nusu mwezi ukajitokeza mweupe kabisa. Mwezi hauhitaji kompyuta. Ndolo aliugeuzia darubini kwa mkono, akamsogeza bibi na kiti chake, akamsaidia kuinama. Alikaa na jicho lake pale mpaka Thuo akaanza kuwa na wasiwasi wa mgongo. Kisha akainua kichwa na kusema neno kwa Kikuyu, na Thuo akalitafsiri.

"Anasema kumbe hata huko barabara zina mashimo. Anauliza mbunge wao ni nani."

Ndolo alimwambia hajui, ila yeye hangekubali kupeleka lori huko. Bibi akatikisa kichwa kuafiki, akalivuta blanketi, akainama kutazama tena.